Fundi Aliyekataa Kutupa Koili

Ukisema "mpelekee Fundi" pale Manundu, hakuna aliyeuliza fundi yupi. Korogwe ina mafundi cherehani, mafundi baiskeli, na mafundi simu wamejaa stendi, lakini neno hilo likiachwa peke yake lilikuwa lake. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga na kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ya mashine ikiungua, pampu ya kisima ikiungua, feni ya hoteli ikianza kunuka moshi, vyote viliishia mezani kwake. Alifungua, akakata nyaya zilizoungua, akazitoa kwa ndoano kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, kisha akaketi na waya mpya wa shaba na kuanza kuzungusha. Midomo ilihesabu bila sauti. Sigara ilining'inia pembeni mwa midomo hiyohiyo, na majivu yake yalirefuka mpaka mteja akasahau mota yake akabaki kuyatazama majivu.

Mimi nilipanga chumba katika nyumba iliyopakana na ya kwake, kama ni haki kusema nilipanga. Nauza viatu vya mtumba minadani. Leo Misima, kesho Mkata, wiki nyingine Mombo, na nikichoka naondoka kabisa, nakwenda Kilosa au Babati, nakaa huko mpaka nikumbuke nyumbani, halafu narudi. Kila niliporudi nilimkuta palepale, na jambo hilo lilinituliza kuliko kukikuta chumba changu hakijavunjwa.

"Umerudi?"

"Nimerudi. Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Wewe ni mota isiyo na mzigo. Inazunguka kwa kasi, inapiga kelele mtaa mzima, haisagi hata debe."

Halafu alinisogezea kigoda kwa mguu. Huko ndiko kukaribisha kwake. Sikuwahi kusikia akimwambia mtu karibu kwa mdomo.

Hakujua kutupa. Alisema alikuwa hivyo tangu Ngombezi, kwenye shamba la mkonge, alikokuwa fundi umeme wa kiwanda. Mota ikilala pale, mkonge uliokatwa unaozea nje, na spea ilikuwa Tanga mjini au haikuwa popote. Kwa hiyo ulisuka. Ukipata waya wa kutosha ulisuka kwa waya huo, usipopata uliunga vipande. Nyumbani kwake kijiko kilikuwa na mpini wa bomba, kandambili zilikuwa na kamba za aina tatu, na redio ilikuwa na kifuniko cha sufuria upande mmoja. Mke wake, tuliyemwita Mama Mwanaidi, alichoka zamani kulalamika, akabaki na utani.

"Baba Mwanaidi wangempa kazi makaburini," aliniambia siku moja akichambua mchicha. "Watu wangerudi nyumbani wote, wameungwaungwa."

"Na wangefanya kazi," alijibu Fundi bila kugeuka.

Kitu kingine alichotoka nacho Ngombezi ni imani ya katani. Waliokaa kwenye kambi za mashamba wanaijua. Katani inafunga mbuzi, inajaza godoro, inasugua sufuria, inaziba bomba linalovuja ukiizungusha kwenye nati kabla ya kukaza. Mtu wa kambi akikwama, mkono wake unatafuta katani kabla akili haijafikiri. Fundi alikuwa na fungu lake limening'inizwa msumarini, jeupe, limechanwa vizuri, na mgeni angedhani ni nywele za bibi kizee.

Kifua chake kibovu pia kilitoka huko. Alikuwa akinisimulia habari za chumba cha brashi, wanapochana katani iliyokauka mpaka ing'ae. Vumbi la pale lilikuwa jepesi kama unga, likaingia kwenye mota, na kabla ya kufungua mota ilibidi ulitoe. Hawakuwa na mashine ya upepo.

"Mlitoaje?"

"Unaweka mdomo hapa," alinionyesha tundu la mota iliyokuwa mezani, "unapuliza. Linatoka upande wa pili. Jingine linakurudia."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha chai. Na juu ya vumbi hilo aliweka sigara, miaka yote niliyomjua, isipokuwa mchana wa Ramadhani. Hapo alikuwa mtu wa ajabu. Alifunga mwezi mzima hajagusa hata moshi wa mwenzake, hana hasira, anasuka mota kama kawaida. Adhana ya magharibi ikilia, tende ilikuwa mkono wa kulia na sigara mkono wa kushoto, na sijui ni kipi kilitangulia. Mama Mwanaidi alimwambia, mtu anayeweza kuacha kuanzia alfajiri mpaka magharibi anaweza kuacha mpaka kesho. Alijibu kwamba mchana ni wa Mungu, yeye ameachiwa jioni.

Vijana waliokuja kujifunza kazi aliwakataza kuvuta. Alimfukuza mmoja kwa kuwasha sigara karibu na kopo la vanishi, ile dawa ya kupaka koili zikishasukwa, ambayo inashika moto upesi. Alimfukuza huku yeye mwenyewe sigara iko mdomoni.

Halafu akaanza kulala ameketi. Sikuambiwa, nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta wangu, kikohozi kirefu, kimya, kikohozi. Kutoka kibandani mpaka msikitini ni hatua chache, naye alianza kusimama njiani akijifanya anatazama nguzo za umeme. Binti yao mmoja, Mwanaidi, anayefanya usafi katika hoteli Dar es Salaam, alikuja akampeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake mwenyewe, akamweleza kwamba kilichokwisha hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kubaki kama ataacha sigara. Asipoacha, asitegemee kuona mvua nyingi zaidi.

Alirudi akaketi kwenye kigoda chake.

"Kasema niache," aliniambia.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimemwambia nimesikia."

Aliwasha sigara nyingine. Lakini nilijua anaogopa, kwa sababu hakunitania siku ile.

Mwanaidi ndiye aliyeleta sigara ya umeme. Msimamizi wake hotelini aliacha sigara kwa kutumia kitu hicho, naye akakusanya mshahara akakinunua Kariakoo. Kilikuwa kidogo, cheusi, kinakaa kiganjani kama kiberiti cha gesi. Tuliketi kibandani, mimi, yeye na mama yake, kama watu wanaoangalia mtoto akipimwa.

"Baba, unaichaji kama simu. Haina kitufe. Unavuta, yenyewe inajiwasha, taa hii inawaka, unapata mvuke. Hakuna moto, hakuna majivu."

"Ndani kuna nini?"

"Kuna maji yake, haya hapa, ya embe. Na kuna koili."

Fundi aliinua uso. "Koili?"

"Ndiyo. Koili ndiyo inayochemsha maji."

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa neno moja. Hakuivuta. Aliifungua kwanza. Alichomoa kile kidude cha chuma, kidogo kama tundu la filimbi, akavaa miwani yake ya kazi, akachungulia. Ndani mlikuwa na waya mwembamba kama unywele, umezungushwa, na katikati yake pamba iliyolowa.

"Huyu kazungusha vizuri," alisema.

"Ni mashine, baba, siyo mtu."

"Basi mashine hiyo ilifundishwa na mtu."

Mwanaidi alimweleza mara mbili. Ukiweka koili mpya, dondoshea maji kwenye pamba, subiri pamba inywe, ndipo uvute. Ukivuta pamba ikiwa kavu inaungua hapohapo na koili imekwisha. Ikianza kutoa ladha ya kuungua, au kukoroma, au kuvuja, chomoa, tupa, weka mpya. Alimwachia pakiti ya koili mpya.

"Nitupe?"

"Tupa, baba. Zimetengenezwa za kutupa."

"Hakuna mtu anayesuka koili ili itupwe," alisema Fundi, na kwa kuwa alikuwa akitabasamu hatukulitia maanani neno hilo.

Nitasema ukweli, ilifanya kazi. Ule msimu alioanza kuvuta kimashine chake, kama alivyokiita, sigara ziliisha midomoni mwake. Kibanda kilinuka embe. Wateja walicheka, naye akawaambia wakacheke kwao. Alitembea mpaka msikitini bila kutazama nguzo hata moja. Mama Mwanaidi alifua mapazia ya chumbani, akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza yamerudi kuwa na maua. Na usiku ukuta wangu ulikaa kimya. Nilikaa Korogwe muda mrefu kuliko kawaida yangu, nikidhani ni biashara nzuri. Nadhani sasa ni kwa sababu ya ule ukimya.

Yale maji ya embe ni matamu, na utamu unaganda kwenye waya kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Koili ya kwanza ilipoanza kuwa chungu hakuitupa. Aliiloweka kwenye maji ya moto, kisha kwenye spiriti, akaianika juu ya bati, akairudisha. Ikaenda siku kadhaa. Akaiosha tena. Mwishowe ikawa inatoa moshi wa pamba iliyoungua, naye akawa anauvuta hivyohivyo, uso umekunjwa.

"Fundi, si unazo mpya?"

"Ninazo."

"Sasa?"

"Sasa nitaisuka hii."

Waliosoma kusuka mota wanajua sheria moja: hukati waya wa zamani kabla hujajua aliyetangulia alifanya nini. Unahesabu mizunguko yake, unapima unene wa waya wake, unaangalia alipoanzia na alipoishia. Ndipo unasuka yako. Ile iliyoungua ilikuwa nyeusi tupu, haisomeki. Kwa hiyo Fundi alichukua moja mpya akaipasua ili aisome. Kibati chake kilikuwa chembamba, koleo ikakibonyeza na waya ukakatika. Akachukua ya pili. Ile ya pili ilifunguka vizuri, akahesabu, lakini kuirudisha haikurudi. Ya tatu aliipasua kwa ajili ya kuhakikisha hesabu ya pili. Nilipofika jioni nikitoka mnadani, pakiti nzima ilikuwa imelala mezani vipande vipande juu ya gazeti, imepangwa kwa utaratibu, naye amekaa mbele yake na uso wa mtu aliyeshiba.

"Nimeijua," alisema.

"Fundi, umezimaliza."

"Nimeijua, nakuambia."

Waya wa shaba haufai kwa kazi ile, na alilijua hilo bila kuambiwa. Haupati moto unaotakiwa. Alikwenda saluni ya jirani kuomba mashine ya kukaushia nywele iliyokufa. Yule dada wa saluni alimwuliza kama anataka kufungua saluni uzeeni. Akamwambia anataka waya wake tu, ganda atamrudishia. Ule waya ulifaa kwa kiasi. Aliuzungusha kwenye sindano, akaupima kwa mita ya umeme, akapata namba aliyoitaka. Pamba aliomba zahanati. Ile koili ya kwanza ya mikono yake ilitoa mvuke, nilikuwepo, niliuona. Ilidumu mpaka adhuhuri, pamba ikaungua.

Akaweka nyingine, ikaungua. Tatizo, alisema, ni pamba. Pamba ni laini mno, haina moyo. Na mkono wake ukainuka wenyewe kuelekea lile fungu kwenye msumari.

Alifanya kazi ile kwa heshima zote. Katani aliichemsha, akaichana, akaikata vipande vidogo kama kope, akaipitisha ndani ya koili kwa kibano. Katani hainywi maji kama pamba. Inayaacha yapite nje yake. Alipovuta, ilichomeka, na moshi ulioingia kifuani mwake ulikuwa vumbi la Ngombezi lilelile, sasa limechomwa. Alikohoa mpaka akashika meza kwa mikono miwili.

"Toa hiyo, Fundi."

"Bado haijazoea."

Akaongeza maji, akaikausha, akajaribu nyembamba zaidi. Na kwa kuwa kimashine kilikuwa kimefunguliwa mezani wakati wote, na mtu hawezi kukaa bure, siku moja nilimkuta na sigara.

"Nasubiri ile ikauke tu," alisema kabla sijauliza.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake tangu hapo. Anasubiri ikauke.

"Hicho kitu kinakauka tangu Rajabu," Mama Mwanaidi aliniambia, "na sasa tumeshakula Idi."

Mwanaidi alipopiga simu, baba yake alimwambia kinafanya kazi vizuri, mwanangu, hata jana nimekisafisha. Mama aliketi kando akitazama miguu yake. Nilimwuliza kwa nini hamwambii binti ukweli. Alisema mzee kamwomba ampe wiki moja, na kila wiki ikiisha anamwomba nyingine, naye hajawahi kumwona akiomba kitu maishani.

Mimi nilimwambia Fundi nitakwenda Tanga mjini nimtafutie koili mpya, pakiti mbili, bure, zawadi. Alikiweka kibano chini.

"Ukiniletea, mimi nitakuwa nafanya nini hapa?"

"Utakuwa unapumua."

"Nenda mnadani kwako," alisema, na kwa mara ya kwanza hakunisogezea kigoda.

Usiku kikohozi kilirudi ukutani. Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikafunga marobota yangu nikaenda Babati. Najiambia ni biashara.

Niliporudi, kibanda kilikuwa na kufuli na kitu cha kwanza nilichokiona ni buibui juu ya kufuli. Mwenye mashine ya kusaga aliniambia mzee hakuweza tena kujiinua kitandani, na Mama Mwanaidi peke yake hakuweza kumgeuza, kwa hiyo wamempeleka Misima, kwao Mama Mwanaidi, kwa dada zake mama. Nilisubiri siku ya mnada wa Misima. Niliweka viatu vyangu chini kwa muuzaji jirani nikamwambia aniangalizie, nikaenda.

Walikuwa wamemweka nje, upande wa nyumba wenye kivuli, ameegemezwa kwenye gunia la mahindi, kwa sababu akilala anakosa pumzi kama mtu anayezama. Alikuwa amebaki macho na mabega. Mabega yalipanda kwa kila pumzi kama mtu anayebeba ndoo. Mwanaidi alikuwepo, amechukua likizo, amekaa mkekani na boksi jipya la koili mapajani. Nilielewa mara moja kwamba ameshajua yote na kwamba hakuna aliyegombana na mwenzake.

"Shikamoo Fundi."

Midomo ilitamka marahaba bila sauti.

"Anaomba sigara tangu asubuhi," Mwanaidi aliniambia. "Nimemwambia, baba, hii ni bora kuliko ile. Daktari wa Handeni kasema hakuna dawa, lakini angalau asivute moshi."

Aliitoa koili mpya kwenye kifuko chake. Aliidondoshea maji kwenye pamba, tone kwa tone. Akaichomeka, akakiweka kimashine juu ya goti, akasubiri pamba inywe. Alisubiri sana. Baba yake alimtazama kazi ile yote, na nilipoona jinsi macho yake yalivyofuata mikono ya binti nilijua hakuona kosa la kumsahihisha.

Alimwekea mdomoni. Fundi alivuta. Taa haikuwaka.

"Vuta, baba. Vuta kidogo tu."

Mabega yalipanda. Mashavu yaliingia ndani. Taa haikuwaka.

Alikitoa mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, akakigeuza, akatazama chini kwenye tundu la chaji, akapangusa mdomo wa kimashine kwa ncha ya shuka. Alikitikisa karibu na sikio. Halafu alininyooshea mimi.

"Jaribu," alisema. Hilo neno lilimchukua pumzi tatu.

Sikutaka. Mwanaidi alinitazama akitikisa kichwa. Lakini mkono wa mzee ulikuwa hewani, na haikuwezekana kuuacha pale. Nikakipokea nikakivuta, kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Taa iliwaka papo hapo, ya bluu, na mvuke wa embe ukajaa katikati yetu.

Fundi aliitazama ile taa mpaka ikazimika.

"Kimashine ni kizima," alisema.

Mwanaidi alisimama akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia akivuta maji kisimani ingawa ndoo mlangoni zilikuwa zimejaa. Mama Mwanaidi, aliyekuwa kando muda wote akipepeta kunde, aliweka ungo chini. Alifungua pindo la khanga yake akatoa sigara moja, imepinda, sijui alimnyang'anya lini. Alikwenda jikoni akaiwasha kwa kaa la moto, akarudi, akapiga magoti mbele ya mume wake na kumwekea katikati ya midomo.

"Haya, Baba Mwanaidi," alisema.

Hakuivuta. Aliishika tu kwa midomo, macho amefumba. Moshi ulipanda wenyewe, mwembamba, umenyooka, kwa kuwa hapakuwa na upepo. Majivu yaliporefuka mama aliyakinga kwa kiganja. Nilikaa nao mpaka ikaisha, kisha mama akaitoa, akaizima kwenye udongo, akarudi kwenye kunde zake.